Mwenye kipimo ndiye mwenye bei: kutoka mashimo ya Rubaya mpaka miezi ya Jupita

Tarehe 13 Novemba 2025 roketi moja iliruka kutoka Florida, Marekani, ikibeba vyombo viwili vidogo vyenye kuitwa ESCAPADE. Vinaenda Marsi. Haviendi kutafuta zahabu wala kupeleka watu. Vinaenda kupima namna upepo wa jua unavyoiba hewa ya sayari ile. Mbele yao, tarehe 14 Aprili 2023, Ulaya ilirusha chombo JUICE, na tarehe 14 Oktoba 2024 Marekani ikarusha Europa Clipper. Hivi viwili viko njiani kuelekea Jupita, sayari kubwa kupita zote. Clipper inangojewa kufika mwaka 2030, JUICE mwaka 2031.

Mutu mwenye kushinda siku nzima na mutalimbo na beleshi katika mulima wa Bibatama au Luwowo ana haki ya kuuliza: mambo haya ya mbinguni yananihusu nini mimi? Kuko jibu moja tunalisikia kila mara, kwenye redio na kwenye mikutano: "Bila koltani yenu, roketi haingeruka." Jibu hilo linapendeza masikio. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli haijazi sahani ya mutoto. Tulipime leo, kama vile tunapima mufuko mbele ya kuufunga.

Nusu ya ukweli

Ni kweli kwamba ndani ya koltani kuko tantali. Wachimbaji wanajua tabia yake ya kwanza bila kufundishwa: ni nzito. Tunaosha muchanga, maji inabeba vyepesi, koltani inabaki chini. Tantali yenyewe ni nzito kupita chuma zaidi ya mara mbili, na inayeyuka tu kwenye moto wa karibu digrii 3,000. Viwanda vinaisaga kuwa unga, wanaushindilia na kuuchoma, kiisha wanatengeneza kondansateri: kipande kidogo kama punje ya muchele chenye kutunza umeme na kuutoa polepole, bila kuruka-ruka. Ndani ya simu kuko vipande vya namna hii. Ndani ya chombo cha angani pia viko, kwa sababu vinadumu miaka mingi na havisumbuliwi haraka na joto wala baridi. Na bati, ile inayotoka Bisie kule Walikale, ndiyo wanayotumia kulehemu vipande hivyo kwenye ubao wao.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanahesabu kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Hiyo si kidogo. Lakini tusidanganyane. Vyombo vya angani ni vichache sana, vinatumia tantali kidogo sana. Sehemu kubwa inaenda kwenye simu, kompyuta, motokaa na injini za ndege. Tena, hakuna mutu anayeweza kuonyesha kwa kidole punje ya Rubaya ndani ya JUICE. Mifuko inachanganywa kwa munegosia, inachanganywa tena kwa kontwari, kiisha inachanganywa mara ya tatu kiwandani ngambo. Mwenye kukuambia "jiwe lako liko Jupita" anakupa sifa ambayo hawezi kuipima.

Basi nusu ingine ya ukweli ni ipi? Ni hii: vyombo hivi vinaenda mbali namna ile kwa kazi moja tu, kupima. Na kupima ndiko kunakotofautisha mwenye kutajirika na mwenye kubaki shimoni.

Sumaku inayotulinda bila kulipwa

Kwenye dipo nyingi munaona sumaku ikipitishwa juu ya mawe yaliyosagwa. Inavuta chuma, koltani inabaki safi zaidi. Dunia yetu nayo iko kama sumaku kubwa. Ndani kabisa, chini ya miamba, kuko chuma kilichoyeyuka kinachotembea, na mwendo ule unazaa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo inatoka inje, inapita hewani, inafika mbali sana juu yetu na kujenga kama boma. Wataalamu wanaliita manyetosfea.

Boma hilo ni la kazi gani? Jua halitoi mwanga na joto tu. Linatoa pia upepo wa chembechembe zenye umeme, usiku na muchana, kwa kasi ya mamia ya kilometa kila sekunde. Upepo huo ukifika kwetu unakuta boma, sehemu kubwa inazunguka pembeni na kuendelea na safari yake.

Marsi haina boma tena. Zamani sana, miaka karibu bilioni 4 iliyopita, sumaku yake kubwa ilizimika. Chombo MAVEN, kilichofika kule Septemba 2014, kilipima hasara: upepo wa jua unaondoa karibu gramu 100 za hewa kila sekunde. Munaweza kusema gramu 100 ni kitu gani, ni kiganja kimoja cha koltani. Lakini pigeni hesabu. Ni kilo 360 kwa saa moja. Kwa siku ni zaidi ya tani 8, yaani mifuko 172 ya kilo 50. Kila siku, kwa miaka isiyohesabika, na zamani jua likiwa kijana hasara ilikuwa kubwa kupita hapo. Hivi njo inchi yenye mito inavyogeuka jangwa la baridi. ESCAPADE inaenda kupima wizi huo kutoka sehemu mbili kwa mara moja, kwa sababu mulinzi mumoja haoni pande zote za nyumba.

Mulima wa moto mwingine

Jupita iko kinyume. Nguvu ya sumaku yake inapita ya dunia yetu karibu mara 20,000. Kama macho yetu yangeweza kuona boma lake, usiku lingeonekana kubwa kupita mwezi muzima, ingawa liko mbali sana.

Ndani ya boma hilo kunazunguka mwezi mumoja unaoitwa Io. Sisi watu wa Kivu tunaweza kuuelewa kupita watu wa Paris. Io iko na milima ya moto karibu 400 inayofanya kazi. Watu wa Goma wanakumbuka Januari 2002 na Mei 2021, wakati Nyiragongo ilipopasuka. Watu wa Masisi wanajua moshi wa Nyamulagira: upepo unauleta upande wetu, harufu ya kiberiti inaingia nyumbani, mvua inachoma majani ya maharagi. Gazi ile yenye kiberiti ndiyo hewa ya Io karibu yote. Kwenye Nyiragongo, ziwa la moto lilifika upana wa karibu meta 200. Kwenye Io, shimo la Loki Patera lina upana wa kilometa 200 hivi. Mwezi ule ukiingia ndani ya kivuli cha Jupita, baridi inakamata hewa yake, inaganda na kuanguka chini. Jua likirudi, inapanda tena.

Kila sekunde, Io inapoteza karibu tani moja ya gazi ndani ya boma la Jupita. Ni mifuko 20 ya kilo 50 kila sekunde. Sumaku ya Jupita inaikamata, inaizungusha na kuipa nguvu, na hii inasaidia kujaza mahali pale mionzi mikali inayoweza kuua mutu na kuharibu kompyuta. Juu ya ile, wahandisi wanafungia ubongo wa chombo ndani ya sanduku la metali nene, na vipande vyenye kuogopa zaidi wanavifunika na metali nzito. Clipper haitakaa karibu na mwezi Europa. Itaingia mbio, itapima, itatoka, mara 49.

Jambo moja la Clipper linapashwa kutufundisha. Mwezi wa Mei 2024, miezi mitano tu mbele ya kuondoka, walisikia kwamba vipande vidogo vya umeme, transista, pengine haviwezi kuvumilia mionzi ya Jupita. Chombo cha bei ya karibu dola bilioni 5 kilitetemeka juu ya vipande vidogo kama kucha. Walifanya nini? Hawakuomba Mungu tu, hawakusema "tutaona kule mbele." Walipima, muchana na usiku, miezi mingi, mpaka wakajua kwa hesabu kwamba vitaweza kumaliza kazi. Kiisha wakaruka.

Maji yaliyoonekana kwa sumaku

Kuko habari ingine, na ndani yake kuko Mwafrika. Mwaka 2004 chombo Cassini kilifika Saturni. Kati ya miezi yake kuko mumoja mudogo, Enceladus, wenye upana wa kilometa 500 hivi, kama kutoka Goma kufika Kisangani kwa njia ya ndege. Ni barafu tupu, watu hawakuungojea kitu kikubwa.

Mwanzoni mwa 2005 Cassini kilipita karibu nao. Kamera haikuleta jibu. Lakini kipima-sumaku, chombo kidogo kilichofungwa kwenye muti murefu inje, kiliandika kwamba nguvu ya sumaku ya Saturni inapinda kidogo mahali pale, kama vile maji ya mutoni yanavyopinda yakikuta jiwe. Mwenye kuongoza kazi ya kipimo hicho alikuwa Michele Dougherty, mwanamuke aliyekulia Afrika Kusini na kupata doktora kwenye Chuo Kikuu cha Natal. Akawaambia wakubwa wa safari: kuko kitu pale, tupite karibu zaidi. Tarehe 14 Julai 2005 wakapita kwenye kilometa 173 tu. Wakakuta muvuke wa maji unaruka kutoka nyufa za kusini. Leo tunajua kwamba chini ya barafu ile kuko bahari.

Kipimo cha namna hiyo hiyo, kwenye chombo Galileo, njo kilionyesha kwamba chini ya barafu ya Europa kuko maji ya chumvi, na kwamba Ganymede iko na sumaku yake yenyewe, mwezi wa pekee tunaoujua wenye sumaku ya namna hiyo. JUICE imebeba kipima-sumaku chake kwenye muti wa meta 10 na zaidi, na Dougherty ndiye anayekiongoza. Mwaka 2034 kinapashwa kuanza kuzunguka Ganymede. Mwaka 2025 Uingereza ilimupa mama huyo cheo cha Mwanafalaki wa Mufalme, cheo cha tangu 1675. Ni mwanamuke wa kwanza kukipata. Hakuwa na mugodi. Alikuwa na kipimo, na alijua kukisoma.

Mufuko mumoja uliorushwa kutoka pwani ya Kenya

Wengine watasema hayo ni ya wazungu na ya Afrika Kusini. Basi tuje karibu. Kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kuko munara wa chuma uliosimamishwa baharini na Waitaliano. Unaitwa San Marco. Kutoka 1967 mpaka 1988 satelaiti zilirushwa kutoka pale, kwa sababu iko karibu na ikweta, na mahali pale muzunguko wa dunia unasaidia kusukuma roketi. Ya kwanza ya 1967 ilienda kupima unene wa hewa ya juu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya Marekani wakaipa jina Uhuru.

Tarehe 15 Novemba 1971 ikafuata Explorer 45. Ilikuwa na kilo 50 hivi, uzito wa mufuko mumoja wa koltani. Kazi yake ilikuwa kuchunguza boma la sumaku la dunia, zaidi sana ule mukanda wa umeme unaozunguka mbali juu ya eneo la ikweta na kukua wakati jua linakasirika. Mukanda huo uko mpaka leo. Tarehe 10 na 11 Mei 2024, siku chache tu nyuma ya M23 kuingia Rubaya, kulikuwa dhoruba ya jua kubwa kupita zote tangu 2003. Siku kama zile, vyombo vya kuonyesha njia kwa satelaiti vinaweza kukosea, na redio za mbali zinaweza kukatika.

Lakini angalieni mwisho wa habari. Roketi ziliruka kutoka bahari ya Kenya, watu wa Ngomeni waliona moto wake. Hesabu za Explorer 45 zilienda Marekani, zikaandikwa kule, zikasomewa kule. Satelaiti ya kwanza ya Kenya yenyewe, ndogo sana, iliachiliwa angani Mei 2018. Kutoka 1967 mpaka 2018 ni miaka 51. Kiisha Taifa-1 ikafuata tarehe 15 Aprili 2023, siku moja nyuma ya JUICE. Kuwa na mahali hakukuwapa kipimo. Walipoanza kusomesha watoto wao kazi ile ndipo mambo yakabadilika.

Sisi pia tulikuwa na mwanzo. Lwiro, kule Kabare, utafiti ulianza tangu wakati wa Wabelgiji, na taasisi ya IRSAC iliundwa 1947. Mpaka leo kituo cha CRSN-Lwiro kipo, na Goma kuko OVG inayosikiliza volkano. Tusiseme kwamba elimu hiyo ni ya watu wengine.

Turudi shimoni

Rubaya iko karibu na ikweta kupita hata Malindi. Tuko na jiwe. Lakini nani mwenye kipimo?

Muchimbaji anauza kwa macho na kwa kilo. Munegosia anafika kontwari, pale kuko mashine ndogo kama bastola: wanaielekeza kwenye unga, inatoa teneri, yaani tantali ni asilimia ngapi. Bei inafuata teneri. Fanyeni hesabu ya mutoto wa darasa la sita. Mufuko wa kilo 50 wenye asilimia 30 uko na kilo 15 za oksidi ya tantali. Wakikuambia ni asilimia 25, uko na kilo 12 na nusu. Kilo mbili na nusu zimepotea kwa neno moja la mudomo, bila mutu kuiba hata jiwe. Kwa mifuko kumi ni kilo 25. Ni kama Marsi: kidogo kidogo, kila siku, hakuna mwenye kusikia kelele.

Kwa sheria ya inchi, kuko CEEC ya kupima na SAEMAPE ya kusaidia wachimbaji. Lakini tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi za koltani pale zilifika karibu dola 800,000 kila mwezi. Mwenye kutoza kodi anapima kila kilo. Mwenye kununua anapima teneri. Mwenye kuchimba peke yake ndiye hapimi.

Bei si jambo la pekee. Koltani ya mashariki ya Congo huwa na uranium na torium kidogo ndani, juu ya ile wenye meli wanaipima mionzi mbele ya kuipokea. Kupita mufuko uliofungwa, hatari kubwa iko ndani ya vumbi wakati wa kusaga na kuchunga. Boma la dunia linatukinga na mionzi ya jua, lakini halitukingi na vumbi la nyumbani. Mama mwenye kuchunga mawe afunge kitambaa kwenye pua na amwagie maji kidogo. Mifuko isilale kwenye chumba cha watoto.

Na kuko milima yenyewe. Kila musimu wa mvua familia zinalia. Enceladus walijua kitu kinatokea kwa sababu walipima mabadiliko madogo. Ufa juu ya shimo pia unaweza kupimwa: vijiti viwili, kimoja kila upande, na kamba yenye fundo. Asubuhi munapima, jioni munapima, munaandika ndani ya daftari. Ufa ukifunguka, hakuna mutu kushuka, ata bosi akisema nini. Haiondoi hatari yote, na haichukui nafasi ya muhandisi. Lakini haiombi dola bilioni 5, inaomba kamba.

Kikundi cha wachimbaji ishirini wakichanga makuta kidogo kidogo, wanaweza kupeleka kipimo cha mawe yao kwenye laboratwari mbili tofauti na kulinganisha majibu mbele ya kukubali bei. Wanaweza kuwa na mizani yao. Wanaweza kuamua kwamba mutoto mumoja, musichana ao kijana, anasomeshwa jiolojia ao fizikia kwa makuta ya wote.

JUICE itafika Jupita mwaka 2031. Mutoto aliye leo darasa la sita pale Rubaya atakuwa amekaribia kumaliza sekondari. Siku ile redio itatangaza kwamba chombo kimefika, na mutu atasema tena: "Ni koltani yenu hiyo." Ingekuwa vizuri mutoto yule aweze kujibu: "Asilimia ngapi? Nani alipima?"